Unataka Vitz yako iwe na mwendo? Anza na tairi, sio egzosti (uzi wa gari ndogo, Malindi na vitongoji vyake)

#1 Maweni_Kwetu

Salamu wadau. Haipiti wiki bila kijana kuuliza namna ya kuifanya Vitz, Passo, Demio, March au Fit yake iwe na mwendo, na majibu huwa ni yale yale: toa boksi la chujio uweke la wazi, kata sailensa, vaa rimu kubwa. Gari hizi nimezitumia na kuzishughulikia kwa muda mrefu, na inaniuma kuona vijana wetu wakimwaga pesa mahali ambapo hazirudi. Basi tuufungue uzi mmoja mrefu, kila mwenye ujuzi achangie.

Msimamo wangu nautoa mwanzo. Gari ndogo ya kwendea kazini na kupelekea watoto shule hupata mwendo kwa kurudishiwa kwanza kile ilichopoteza, kisha kwa kupewa tairi, shokabsoba na breki za maana. Nguvu ya injini ije mwisho, na wengi mkifika huko mtakuta hamna haja nayo tena.

Tazameni hesabu. Injini ya 1KR-FE, ile ya silinda tatu na cc 996 iliyomo kwenye Vitz na Passo nyingi, ilitoka kiwandani na nguvu farasi kama 70 na msokoto wa nyutonimita 94 hivi. Ni injini nzuri sana, na ilichukua tuzo ya kimataifa kwa injini za chini ya lita moja kuanzia 2007 hadi 2010 mfululizo. Lakini ni farasi 70. Kwa injini isiyo na tubo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), ukiongeza asilimia 5 umefanya kazi kubwa, na hiyo ni farasi watatu na nusu. Kiyoyozi chako kikiwashwa adhuhuri hapa kinaweza kuwala wote hao. Gari yenyewe ina uzito wa karibu tani moja. Weka watu wazima wanne na mizigo yao, umeibebesha kilo 300 juu yake.

Sasa jiulize: Vitz ya 2008, iliyokula chumvi ya bahari hii na vumbi la Ganda miaka yote, imeshapoteza farasi wangapi? Mara nyingi ni zaidi ya hao watatu. Hao ndio wa kuwarudisha kwanza, na gharama yake ni ndogo.

Toa bomba la hewa pale linapoingia kwenye throto bodi, ule mlango wa hewa ya injini, umulike kwa tochi. Utaona kisahani cha shaba shaba, na pembezoni mwake, pale kinapogusana na ukuta, kuna duara jeusi la masizi yaliyochanganyika na mvuke wa oili. Duara lile ndilo linalofanya gari itetemeke ukiwa umesimama, na ukikanyaga kidogo isite halafu iruke. Lisafishe kwa dawa yake na kitambaa laini. Kwenye gari za throto ya umeme usikisukume kisahani kwa kidole, gia zake za ndani ni za plastiki. Ukimaliza, iache injini iungurume bila kukanyaga mpaka kompyuta ijifunze upya.

Halafu plagi. Za iridiamu zinafika hadi kilomita 100,000, za kawaida hazifiki hata theluthi ya hapo, na madukani plagi bandia zimejaa. Nunua kwa mtu unayemwamini hata kama ni ghali. Ukiwa hapo hapo, angalia waya wa ethi kutoka betri hadi bodi. Huku kwetu karibu na bahari ule ungaunga wa kijani hauchukui muda kuota, na sensa zikikosa ethi safi kompyuta inasoma uongo.

Kisha inua kila gurudumu na ulizungushe kwa mkono. La mbele lizunguke kwa ulaini, la nyuma usisikie kukwaruza kwa mfululizo. Nimeona watu wakitafuta nguvu za injini huku dramu za nyuma zimeshika breki safari nzima. Na upepo wa tairi ufuate kile kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Achana na makadirio ya anayejaza.

Ukimaliza haya, gari iendeshe kwanza. Ndipo urudi humu tuongee habari za kuongeza.

#2 KijanaMuyeye

Kaka Maweni, heshima yako. Lakini mimi Vitz yangu niliweka chujio la wazi na naisikia kabisa imebadilika. Ukikanyaga inanguruma na inatoka. Mbona wasema haisaidii?

#3 Maweni_Kwetu

@KijanaMuyeye ngurumo ni kweli unaisikia, kwa sababu boksi la kiwanda kazi yake mojawapo ni kumeza ile sauti. Nguvu ni habari nyingine. Chukua kidude cha OBD, kile cha kusoma kompyuta ya gari, kinachoungana na simu, fungua ukurasa wa joto la hewa inayoingia, kisha ukae kwenye foleni ya sokoni saa saba mchana. Boksi la kiwanda linavuta hewa ya mbele, karibu na taa. Chujio lako la wazi linavuta hewa iliyokwisha kuchemka kwenye rejeta na egzosti. Hewa ya nyuzi 60 ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30. Oksijeni ikipungua, petroli inayochomwa inapungua, na juu ya hapo kompyuta inachelewesha cheche ili injini isigonge. Kwa hivyo unapoondoka pale unayo injini ndogo kuliko uliyonunua.

Na kuna vumbi. Ukishapita Ganda kwenda mashambani unajua hali ilivyo. Chujio la karatasi la kiwanda linazuia vumbi vizuri sana na ni bei ya chini. Yale ya pamba yanayopakwa oili yanapitisha hewa zaidi, lakini oili ikizidi inakwenda kukaa kwenye sensa ya hewa, na gari inaanza kula mafuta bila sababu. Rudisha boksi, weka karatasi mpya, na ulibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema kwa sababu kitabu hakikuandikwa kwa barabara zetu.

Egzosti ni vivyo hivyo. Bomba pana kwenye injini ya cc 1000 linapunguza kasi ya moshi kwenye mizunguko ya chini, na mizunguko ya chini ndiyo unayotumia mjini siku nzima. Unapata kelele na unapoteza uvutaji. Na ukiitoa katalaiza, ile inayosafisha moshi, umewapulizia sumu watoto wako mwenyewe getini.

#4 BintiGede

Asante kaka kwa uzi huu. Nina Demio ya 2015, ile ya Skyactiv 1.3. Kila siku natoka Gede kuja kazini Malindi, na mara kwa mara nashuka Kilifi na Mombasa. Mimi sitaki kushindana na mtu. Shida yangu ni moja: nikiwa nyuma ya lori pale sehemu ya msitu wa Arabuko-Sokoke nataka kulipita haraka nirudi upande wangu, na gari inanichelewesha. Nikanyage inafikiria kwanza. Fundi mmoja ameniambia ninunue kile kidude cha kuunganishwa kwenye pedali, kwamba kinaongeza nguvu. Nikinunue?

#5 Maweni_Kwetu

Dada, usinunue. Kile kidude hakigusi injini hata kidogo. Kinachofanya ni kuidanganya kompyuta kwamba umekanyaga nusu wakati umekanyaga robo. Ukikanyaga mpaka chini, gari yenye kidude na isiyo nacho ni sawasawa. Na wakati wa kulipita lori unakanyaga mpaka chini.

Gari yako ni tofauti na Vitz ya Kijana. Ina farasi 92, sanduku la gia sita, na mbano (kiasi ambacho silinda inaibana hewa kabla ya kuwaka) wa 12 kwa 1, ambao ni mkubwa sana kwa gari ya petroli. Tazama karibu na mkono wa gia kama kuna kitufe cha mwendo wa michezo. Kibonyeze kabla hujatoka nyuma ya lori, wakati bado umeacha nafasi. Gia itashuka mapema na injini itakuwa tayari pale ambapo nguvu zake zipo. Ukisubiri mpaka umeshaingia upande wa pili ndipo ukanyage, sanduku linashuka gia mbili huku lori linakuja mbele yako. Hiyo ndiyo ile kufikiria unayoisema.

Jambo la pili ni la injini yenyewe. Hizi za Skyactiv zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hivyo petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa na kuziosha. Masizi yanakaa pale na kuongezeka mwaka hadi mwaka, hasa kwa gari ya safari fupi fupi. Tafuta fundi mwenye kamera nyembamba ya kuchungulia aangalie. Kama vali zimevimba masizi, kuzisafisha kutakurudishia uhai kuliko kidude chochote cha dukani.

Baada ya hapo ni tairi. Lakini kwanza niambie zako ni za mwaka gani.

#6 FundiBarani

Nimesoma tangu juu. Mimi ni fundi wa siku nyingi, na mengi aliyosema Maweni nayaunga mkono, hasa la dramu kushika. Gari ngapi zimekuja kwangu mwenyewe anasema injini imechoka, nikalegeza breki za mkono akaondoka anashangaa.

Naongeza mawili ambayo sisi mafundi ndio tunayaharibu, na nasema wazi kwa sababu kijana anayejifunza humu ayajue. La kwanza ni thamostati. Hapa Pwani gari ikipata joto, wengi wetu tunaitoa na kuitupa, tunasema huku kuna joto haihitajiki. Thamostati ya gari hizi inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, na barabarani injini haifiki joto lake. Kompyuta inakuwa mfano wa mpishi anayeambiwa chungu bado hakijachemka, basi yeye anazidi kuchochea kuni. Petroli inamwagika, oili inachafuka, mwendo hakuna. Gari ikichemka tafuta sababu: feni, kifuniko cha rejeta, pampu, au rejeta iliyoziba.

Na inaziba kwa nini? Kwa sababu tunajaza maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya hapa mjini yana chumvi, kila mtu anajua hata chai yake ilivyo. Chumvi ile inakwenda kula alumini. Tia kulanti, maji maalumu ya rejeta, na kama ni ya kuchanganya, changanya na maji ya betri yaliyosafishwa, sio asidi.

La pili ni oili ya CVT. Fit, Vitz nyingi na baadhi ya March zina sanduku la CVT, halina gia za kawaida bali mkanda wa chuma na puli mbili. Lina oili yake maalumu: Honda ina ya kwake, Toyota ina ya kwake iliyoandikwa FE au TC kulingana na mwaka, Nissan ina NS-2 na NS-3. Mtu akikutilia ile nyekundu ya otomatiki ya kawaida, mkanda unateleza, na siku si nyingi unanunua sanduku zima. Ukibadilisha oili iliyo sahihi, gari inatoka kwa ulaini na haivumi bure.

Lakini Maweni nina neno nawe juu ya oili ya injini. Uzi mmoja wa nyuma ulisema wote wanaotia 20W-50, ile oili nzito, wanaharibu gari. Mimi injini iliyochoka nikiitia 0W-20, ile nyepesi, inaimaliza kabla ya mwezi. Mwenye gari hana pesa ya kufungua injini abadilishe ringi za pistoni. Wataka nimtilie nini?

#7 Maweni_Kwetu

Shikamoo mzee Fundi. Hilo la mpishi limeingia vizuri kuliko ambavyo ningelieleza mimi.

Kwa oili, nakubali kwamba injini inayokunywa oili haifai oili nyepesi kabisa. Ninachokipinga ni kurukia mpaka 20W-50. Injini za VVT-i, zile za Toyota zinazobadilisha wakati wa vali kufunguka, zinageuza pembe ya kamshafti kwa shinikizo la oili inayopita kwenye tundu na kichujio vidogo mno. Oili nzito asubuhi injini ikiwa baridi inachelewa kufika pale, na baadaye inakawia kuitikia. Katikati kuna 5W-30, na kwa injini iliyochoka kuna 5W-40 au 10W-40. Mwenye gari anaweza kupanda ngazi moja moja huku anapima kwa kijiti kila wiki.

#8 FundiBarani

Marahaba mwanangu. 10W-40 nakubali. Kwa injini inayotoa moshi wa buluu mchana kweupe bado nitatia nzito, kwa sababu namjua mwenyewe na mfuko wake. Lakini kwa gari nzima sina ubishi na wewe.

#9 BintiGede

Nimeangalia tairi kaka. Zimeandikwa 185/65R15, lakini mwaka siuoni. Fundi wa pancha aliniambia bado nzuri kwa sababu maua, yaani ile michoro ya mpira inayogusa barabara, yapo.

#10 Maweni_Kwetu

Dada, chuchumaa upande wa tairi utafute herufi DOT. Ukiifuata, mwisho wake kuna tarakimu nne ndani ya kidirisha kidogo cha duaradufu. Kama ni 2317, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Wakati mwingine tarakimu ziko upande wa ndani, itabidi uingize simu na kupiga picha. Ukishaisoma, bonyeza maua kwa ukucha. Mpira mzuri unakubali kidogo. Uliokauka unahisi kama plastiki ya ndoo, na ukiangalia katikati ya maua utaona nyufa nyembamba kama nywele.

Jua la hapa na hewa ya chumvi vinakausha mpira hata kama gari haitembei. Kwa hivyo maua kuwepo hakutoshi. Mvua ya Mei ikinyesha kwenye lami iliyojaa mchanga na mafuta, tairi kavu haikuhurumii. Na ndipo linapokuja suala la mwendo. Uwezo wote wa gari, wa kuondoka, kukata kona na kusimama, unapitia vipande vinne vya mpira ambavyo kila kimoja ni kama ukubwa wa kiganja. Tairi nne mpya za kampuni inayoeleweka zitakubadilishia gari kuliko egzosti, rimu na chujio vikiwekwa pamoja, na zitakufaa hata siku ambayo huna haraka.

Wewe baki na saizi yako. Kwa wenye Vitz za 165/70R14, kimo cha tairi ni kama milimita 587. Ukipanda 175/65R14 unapata 583, tofauti haionekani kwenye spidomita, na umeongeza upana kidogo juu ya rimu ile ile. Hapo ndipo mimi ningesimama. 185/60R14 inaingia pia, kimo 578, ila usukani unakuwa mzito kidogo na mafuta yanaongezeka kidogo. Anayetaka rimu za inchi 15 atafute 185/55, ambayo ni 584 au 585. Kupita hapo unaongeza uzito wa magurudumu ambao injini ya cc 1000 inalazimika kuuzungusha kila unapoondoka. Rimu nzito ya inchi 16 au 17 inaila kabisa ile faida uliyoitafuta kwingine.

Angalieni pia ile namba ya mzigo. 81S maana yake tairi moja inabeba kilo 462 na mwendo wake wa juu ni kilomita 180 kwa saa. Usishuke chini ya namba ya kiwanda hata ukipewa bure.

Na kwa wanaonunua rimu zilizotumika: Vitz, Demio na Fit zote zina nati nne kwenye duara la milimita 100, kwa hivyo rimu inaingia. Lakini tundu la katikati la Fit ni 56.1 wakati Vitz na Demio ni 54.1. Ukiweka rimu za Fit kwenye Vitz bila ringi ya kujaza nafasi ile, usukani utatetemeka kwenye 90 na utapoteza pesa kwa kupiga balansi kila mara.

#11 Mpwani_Mokowe

Asalaam alaikum. Sisi wa Lamu gari tunaziacha Mokowe tunavuka kwa boti, kisiwani ni punda na miguu. Mimi nina Fit, njia yangu ni Mokowe, Witu, Garsen mpaka Malindi kununua bidhaa. Nimeuliza bei ya springi fupi za kushusha gari, nasikia inashika kona vizuri. Mwasemaje?

#12 Maweni_Kwetu

Wa alaikumu salamu ndugu yangu. Usizishushe. Njia yako ni ndefu, ina matuta kila kijiji, na wewe unabeba mizigo. Springi fupi zinaipunguzia shokabsoba nafasi ya kucheza, ukipita tuta na mzigo inagonga mwisho, na chombo cha kwanza kufa ni bushi halafu sampu ya oili. Gari ikigonga chini haishiki kona, inaruka.

Kinachokupa kushika kona ni shokabsoba nzima zenye saizi ya kiwanda. Zilizokwisha hazijitangazi, zinakufa polepole na wewe unazizoea. Angalia kama mwili wake umelowa oili. Tazama pia tairi zako: ukiona mabonde na vilima kwenye maua badala ya kulika sawa, ujue gurudumu linadundadunda. Badilisha mbili za mbele pamoja au mbili za nyuma pamoja. Kisha bushi za mikono ya chini, linki za stabilaiza, halafu alainimenti mwisho wa yote. Alainimenti juu ya bushi zilizokufa ni kuchoma pesa. Kwa gari za silinda tatu ongeza maunting za injini, zikichoka mtikisiko wote unakuja kwenye viti na mtu anadhani injini ndiyo mbovu.

Na mzigo usioenda Malindi ushushe Mokowe. Watu wanatembea na magunia, mitungi na spika za wufa buti nzima, halafu wanatafuta farasi. Tairi ya spea tu na jeki ndizo zisishuke.

#13 KijanaMuyeye

Nimerudisha boksi kaka, na nimesafisha throto bodi. Kwenye foleni joto la hewa limeshuka sana, nimeliona mwenyewe kwenye simu. Nakubali. Sasa swali la mwisho, na usinikasirikie: kufunga tubo kwenye 1KR? Nimeona video za watu. Au nirimapu kompyuta, yaani nibadilishe programu yake?

#14 Maweni_Kwetu

Siwezi kukukasirikia kwa kuuliza. Kurimapu injini isiyo na tubo kunakupa asilimia chache tu, kwa sababu hewa inayoingia ni ile ile. Kwenye gari iliyotoka na tubo kiwandani, kwa mfano Swift Sport ya kuanzia 2017 yenye 1.4, kompyuta inaweza kuamrisha hewa zaidi, na hapo tofauti ni kubwa. Lakini hata hapo soma kwanza kitabu cha gari kinataka petroli ya daraja gani.

Tubo ya kufunga mtaani kwenye 1KR-FE ndiyo nakukataza. Mbano wake ni mkubwa, 10.5 kwa 1 kwenye Vitz za kizazi kile cha 2005 hadi 2010. Ukiusukumia hewa ya tubo juu ya mbano ule, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati na pistoni inapasuka. Angalia wenyewe walivyofanya. Daihatsu, ambao ndio waliobuni injini hii, walipotaka kuipa tubo waliitengeneza upya wakaiita 1KR-VET, mbano ukashushwa. Ndiyo iliyomo kwenye Toyota Raize ya 2019, ina farasi 98 na nyutonimita 140. Kwa hivyo ukiitaka ipo, imekamilika, na sanduku lake na breki zake vimepimwa kwa nguvu ile.

Ukijumlisha tubo, kipoza hewa, pampu, kazi ya fundi na kompyuta, unakaribia tofauti ya bei kati ya Vitz yako na Vitz RS ya 1.5. Ile ina 1NZ-FE, farasi 109 hivi, spea zake ni zile zile za Probox na ziko kila kona hapa mjini. Uza, ongeza, nunua. Na hata hiyo ianzie kwenye tairi.

#15 FundiBarani

Kijana, kabla ya farasi niulize breki. Mara ya mwisho kubadilisha mafuta ya breki ni lini? Wengi hawajui hata kama yanabadilishwa. Yale mafuta yanavuta unyevu wa hewani, na hewa yetu ni nyevu mwaka mzima. DOT 3 (hapa ni daraja la mafuta ya breki, si ile DOT ya tairi) ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishavuta maji inashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka pedali inazama na gari haisimami. Kila miaka miwili yatoe yote, tia DOT 4, halafu padi nzuri na diski zilizonyooka.

Na jua hili: gari ikitoka 80 ikafika 100, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza inaongezeka zaidi ya mara moja na nusu. Ukiongeza mwendo bila breki umejitengenezea ajali.

#16 BintiGede

Tairi zangu zilikuwa 1216. Nimeziondoa zote nne. Fundi ameingiza kamera, masizi yapo lakini hayajawa mabaya, tutayasafisha mwezi ujao. Na kile kitufe kilikuwepo muda wote, sijawahi kukigusa! Jana nimepita lori kabla ya njia panda ya Gede bila wasiwasi. Swali dogo: nikibadilisha rimu au tairi nahitaji kuiambia bima?

#17 Maweni_Kwetu

Tairi za saizi ile ile, hapana. Rimu za aina nyingine, springi, kurimapu, injini kubwa, hayo waandikie, na ubaki na nakala. Wakati wa madai bima huuliza kila kitu, na jambo ambalo hukulitaja wanaweza kulishikilia. Ukibadilisha injini au rangi, hata logibuku inabidi irekebishwe NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Sasa kwa wote mliofanya chochote humu, naomba vipimo, maana masikio yanadanganya. Tafuteni kipande kilichonyooka, tambarare, kisicho na watu wala mifugo wala matuta. Mwenzako ashike simu apime sekunde, wewe uendeshe. Tokeni 50 mpaka 80, kiyoyozi kimezimwa, tangi nusu, watu wawili. Mfanye kwenda na kurudi, mchukue wastani. Hilo la kwenda na kurudi msiliruke, kwa sababu barabara yetu ya Mombasa inakwenda kaskazini na kusini, na upepo wa kusi ukivuma gari ya farasi 70 inaonekana ina 80 upande mmoja na 60 upande wa pili. Kisha kipimo cha pili: kutoka 60 mpaka kusimama kabisa, nyuma hakuna gari.

Mkipata, andikeni hapa chini aina ya gari, mwaka, saizi ya tairi na zile tarakimu nne za DOT, na mlichobadilisha. Kijana, wewe anza, maana tayari una kidude cha OBD.